Kimo pekee hakikumtosha Thabeet: Njia ngumu ya senta wa chuo kuelekea NBA

MNAMO Juni 25, 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, jina la kijana wa Dar es Salaam lilitangazwa la pili. Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha mita 2.21, alikuwa amechaguliwa na timu ya Memphis Grizzlies, na Tanzania ikapata mwanawe wa kwanza katika Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Marekani (NBA). Aliyemtangulia ni Blake Griffin peke yake. Nyuma yake waliitwa James Harden katika nafasi ya tatu na Stephen Curry katika nafasi ya saba.

Orodha hiyo imemwandama tangu siku hiyo. Curry amenyakua mataji manne ya ligi na tuzo mbili za mchezaji bora. Harden alitwaa tuzo hiyo mwaka wa 2018. Thabeet alicheza mechi 224 pekee za msimu wa kawaida, kwa wastani wa alama 2.2 kwa mechi, na baada ya mwaka wa 2014 hakucheza tena katika NBA. Kila Juni inapowadia, waandishi wa michezo wa Marekani huandika kuhusu wachezaji waliochaguliwa mapema kisha wasifue dafu, na jina la Mtanzania huyo halikosi kutajwa.

Ni rahisi kucheka. Hata hivyo, kwa mzazi wa Kisumu, Lodwar, Kampala au Dar es Salaam ambaye mwanawe wa miaka 15 tayari anainama kupita mlangoni, orodha hizo hazijibu swali lenye uzito. Ilikuwaje kijana aliyeanza kuucheza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15 hivi akafika nafasi ya pili katika muda usiozidi miaka saba? Na ilikuwaje njia hiyohiyo iliyompandisha kwa kasi ikamtupa kwa kasi vilevile?

Tuanze na utaratibu wenyewe. Timu za NBA huwapata wachezaji wapya kupitia drafti, na hapa hatuzungumzii ule mchezo wa vizibo vya soda unaochezwa barazani. Ni hafla ya kila mwaka ambapo timu 30 hupokezana kuchagua vijana katika raundi mbili. Zilizofanya vibaya hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema, kwa njia ya bahati nasibu. Anayechaguliwa katika raundi ya kwanza hupata kandarasi ambayo miaka yake miwili ya mwanzo ina uhakika wa malipo, kisha timu huamua iwapo itaendelea naye mwaka wa tatu na wa nne. Kwa mteule wa pili wa 2009, mshahara wa mwaka wa kwanza ulizidi dola milioni nne.

Tangu drafti ya 2006, kijana hawezi kuchaguliwa kabla ya mwaka wa kalenda anaofikisha umri wa miaka 19 na, kwa aliyesomea Marekani, kabla ya mwaka mmoja kupita tangu amalize shule ya upili. Ndiyo maana wengi hupitia chuo kikuu. Chuo ni darasa, ni jukwaa la kuonekana, na pia ni mizani. Maskauti hukaa vitini na madaftari yao, wakimpima kijana usiku baada ya usiku dhidi ya wenzake wa rika moja.

Thabeet alifika kwenye mizani hiyo akiwa mbichi. Alizaliwa jijini Dar es Salaam mwaka wa 1987, akampoteza babake akiwa bado kijana mdogo, akavuka bahari kutafuta masomo na mchezo, na baada ya kuhama shule akamalizia katika shule ya Cypress Christian mjini Houston, Texas. Mwaka wa 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, kinachofahamika kwa ufupi kama UConn, chini ya kocha Jim Calhoun.

UConn hakikuwa chuo cha kubahatisha. Calhoun alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vyote mara mbili, 1999 na 2004. Tena alikuwa ametoka kumlea senta mwingine, Emeka Okafor, mzaliwa wa Houston mwenye wazazi Wanigeria, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2004 na kuibuka mchezaji chipukizi bora msimu uliofuata. Nani basi angemshangaa Mtanzania akitamani kuzifuata nyayo hizo?

Na alizifuata, angalau kwa takwimu. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa alama 6.2 na kuzuia mitupo 3.8 kwa mechi. Wa pili, alama 10.5 na mitupo 4.5. Wa tatu, 2008/09, alifikia alama 13.6, ribaundi 10.8 (yaani mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) na mitupo 4.2 iliyozuiwa. Mara mbili mfululizo alitajwa mlinzi bora wa Kongamano la Big East, mojawapo ya makundi magumu zaidi ya vyuo enzi hizo. Mnamo 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa kongamano hilo na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. UConn ikafika nusu fainali ya kitaifa jijini Detroit, ikalazwa na Michigan State kwa alama 82-73.

Jina la Blair lataka kukumbukwa. Mnamo Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, UConn iliyokuwa ikiongoza orodha ya ubora nchini iliikaribisha Pittsburgh. Blair alikuwa mfupi kwa takriban sentimita 20. Usiku huo alifunga alama 22 na kunyaka ribaundi 23, ilhali Thabeet aliambulia alama tano na ribaundi nne. Kuna tukio moja la mechi hiyo lililorudiwa mno kwenye televisheni, ambapo wawili hao walikumbatiana wakigombea mpira na Blair akamwinua Thabeet na kumbwaga begani kama gunia la mahindi. Pittsburgh ikashinda 76-68.

Mtu angetarajia maskauti waulize: huyu atawawezaje wanaume wa miaka 30 ambao kazi yao ni kusukumana? Huenda waliuliza. Lakini soko lilikuwa limeamua. Blair, ambaye magoti yake yalikuwa na kasoro iliyowatia timu hofu, alingoja hadi nafasi ya 37. Thabeet akaenda wa pili. Kimo, kama wasemavyo makocha wa huko, hakifundishwi. Wanachosahau kuongeza ni kwamba miguu, mikono na macho ya kuusoma mchezo hufundishwa, na hufundishwa polepole.

Hapa pana jambo la kiufundi ambalo mashabiki wengi wa kwetu hawalitilii maanani. Katika mpira wa vyuo vya Marekani, senta anayelinda anaweza kusimama chini ya kikapu chake muda apendao, mithili ya askari langoni, akingoja washambuliaji waje azuie mitupo yao. NBA haina ruhusa hiyo. Tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyekuwa karibu na mpinzani wa kumkaba haruhusiwi kukaa kwenye eneo lililopakwa rangi chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu. Inambidi atoke, arudi, atoke tena. Anaitwa kumkabili mchezaji mwepesi mwenye mpira mbali na kikapu, kisha akimbie nyuma kumfunika mwenzake. Kipaji kilichompa Thabeet tuzo zake chuoni kilikuwa kile cha kusimama langoni. Alipoingia NBA, lango lilikuwa limehamishwa.

Isitoshe, mchezo wenyewe ulikuwa ukigeuka. Msimu wake wa kwanza, 2009/10, kila timu ya NBA ilirusha takriban mitupo 18 ya alama tatu kwa mechi. Kufikia msimu wa 2024/25 idadi hiyo ilizidi 37. Aliyeongoza mageuzi hayo ni yuleyule kijana mwembamba aliyeitwa wa saba. Senta asiyeweza kurusha kutoka mbali, na asiyeweza kumfuata huko mpinzani anayerusha, alianza kuwa mzigo katika dakika za mwisho za mechi.

Memphis nayo haikuwa mahali pa kumwotesha mche mchanga. Ilikuwa imetoka katika msimu wa ushindi mara 24 na vipigo 58, na kocha Lionel Hollins alitakiwa kuonyesha matokeo. Katikati tayari alikuwapo Mhispania Marc Gasol, aliyekuwa akichanua. Thabeet alichezeshwa dakika 13 hivi kwa mechi, akipata wastani wa alama 3.1. Februari 2010 akateremshwa kwa muda hadi ligi ya daraja la chini, kwenye timu ya Dakota Wizards mjini Bismarck, katika baridi kali ya North Dakota. Hakuna mteule wa nafasi ya juu kama yake aliyekuwa ametumwa huko kabla yake.

Kwa mtazamo wangu, uamuzi huo haukuwa mbaya. Mchezaji mbichi huhitaji dakika za kucheza, na Bismarck alizipata. Kosa lilikuwa namna ulivyochukuliwa, maana wakati huo kuteremshwa kulitangazwa kama fedheha. Siku hizi ligi hiyo, inayoitwa G League, ni sehemu ya kawaida ya malezi, na tangu 2017 kuna kandarasi maalumu zinazomruhusu mchezaji kupanda na kushuka kati ya ngazi hizo mbili. Thabeet alitangulia mfumo huo kwa miaka saba.

Februari 2011 Memphis ilimpeleka Houston Rockets, pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua katika raundi ya kwanza, ili impate mkongwe Shane Battier. Wiki chache baadaye Memphis iliyoshika nafasi ya nane iliibandua San Antonio Spurs, vinara wa ukanda wa Magharibi, katika mchujo, Battier akifunga kikapu muhimu cha alama tatu mwishoni mwa mechi ya kwanza. (Kikosini mwa Spurs alikuwamo DeJuan Blair.) Thabeet hakupata nafasi ya maana Houston. Mwaka uliofuata alihamishiwa Portland, kisha akatua Oklahoma City Thunder alikokaa misimu miwili kama akiba. Baada ya hapo alizunguka: ligi ya chini ya Marekani, Japan, kisha Taiwan. Aliendelea kucheza kwa kulipwa hata baada ya NBA, jambo ambalo wanaomkejeli huliruka.

Je, angebaki chuoni mwaka wa nne angepona? Mwaka wa 2008 alikuwa tayari amefikiria kuondoka akaahirisha, na msimu ulioongezwa ulimpandisha thamani. Mwaka wa 2009 hesabu ilikuwa nyingine. Aliyehakikishiwa mamilioni ya dola, huku jeraha moja la goti likiweza kuyafuta yote, hawezi kulaumiwa kwa kuyachukua. Wakati huo udhamini wa masomo wa wanamichezo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Vyuo viliruhusiwa kutoa udhamini wa miaka kadhaa kuanzia 2012 tu. Mwanafunzi hakuruhusiwa kupata hata senti kutokana na jina lake, ilhali viwanja vilijaa na televisheni zililipa. Kumwambia mtoto wa mjane wa Dar es Salaam angoje kwa ajili ya ufundi ni ushauri unaotoka kwa asiye na njaa.

Hata hivyo, kuna masenta wa Kiafrika waliongoja, nao tunapaswa kuwatazama. Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka wa 1987 akiwa na udhamini wa kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Georgetown. Mwaka wa kwanza hakucheza. Kocha wake, John Thompson, alikuwa mwenyewe senta wa zamani wa Boston Celtics, na mazoezini Mutombo alipambana kila siku na Alonzo Mourning, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa masenta bora wa NBA. Alihitimu, akachaguliwa wa nne mwaka wa 1991 na Denver akiwa na miaka 25, akacheza misimu 18 na kutajwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Alipofariki Septemba 2024 alikuwa ameacha pia hospitali jijini Kinshasa.

Hakeem Olajuwon wa Lagos, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka wa 1984, naye alichelewa kuujua mchezo. Lakini alipokuwa mwanafunzi mjini Houston alitumia likizo za kiangazi kupambana na Moses Malone, bingwa aliyekwisha kukomaa, katika ukumbi wa umma wa mazoezi. Hawa wawili hawakumzidi Thabeet kimo. Waliomzidi ni watu wa kuwatesa mazoezini kabla ya siku ya mshahara. Thabeet hakupata Mourning wala Malone wake.

Kisha kuna kisa cha karibuni kinachogusa pande zote mbili za safari ya Thabeet. Zach Edey, Mkanada mwenye kimo cha takriban mita 2.24, naye alianza kucheza akiwa amechelewa. Alikaa Chuo Kikuu cha Purdue miaka minne, akitajwa mchezaji bora wa vyuo nchini mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Fainali ya 2024 alifunga alama 37 lakini akashindwa na UConn. Wadadisi walisema masenta wa aina yake wamepitwa na wakati. Aliyemchukua, katika nafasi ya tisa, ni Memphis Grizzlies. Msimu wake wa kwanza akaingia katika kikosi bora cha wachezaji chipukizi.

Tofauti ya Edey na watangulizi wake ni kwamba kungoja kwake kulikuwa na malipo. Tangu Julai 2021, wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kuingia mikataba ya matangazo kwa kutumia majina na sura zao. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maafikiano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Senta ambaye hajakomaa sasa anaweza kubaki darasani bila kuiacha familia yake ikilala njaa.

Lakini mtoto wa Afrika Mashariki asikimbilie kushangilia. Viza ya mwanafunzi wa kigeni humwekea mipaka mikali ya kufanya kazi akiwa katika ardhi ya Marekani, hivi kwamba wenzake wakisaini mikataba ya matangazo kwa uhuru, yeye hulazimika kutafuta mwanasheria kwanza. Edey mwenyewe, ijapokuwa ni jirani wa Canada, alikumbana na kikwazo hicho. Pili, wachezaji sasa huhama kutoka chuo kimoja hadi kingine bila kukaa nje msimu mzima. Kocha anayeweza kumsajili senta wa miaka 23 aliyekwisha kupikwa kwingineko ana sababu gani ya kumvumilia kijana wa miaka 19 ambaye bado anajifunza kuweka miguu? Nina shaka kama Thabeet wa 2006 angepewa leo misimu mitatu ya kukua mahali pamoja.

Kilichobadilika kwa manufaa yetu kipo huku nyumbani. Ligi ya Basketball Africa League ilianza Kigali mwaka wa 2021, na mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder iliiwakilisha Kenya humo kwa mara ya kwanza. Kijana hahitaji tena kuvuka bahari ili aonje mchezo wa watu wazima. Ushahidi ni Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Kawempe, Uganda, na aliyeanza mchezo huu akiwa na miaka 13 hivi. Alipitia akademia ya NBA nchini Senegal, akachezea City Oilers ya Uganda katika ligi hiyo ya Afrika, na akiwa na miaka 17 alishiriki Olimpiki ya Paris akiwa na timu ya taifa lake. Kabla ya kukanyaga Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa amekwisha kusukumana na wanaume.

Duke alikaa mwaka mmoja tu. Takwimu zake, alama 8.6 na ribaundi 6.6 kwa mechi, ni ndogo kuliko za Thabeet wa mwaka wa tatu. Aliitwa wa kumi katika drafti ya Juni 25, 2025, miaka 16 kamili tangu usiku ule wa Madison Square Garden, na akaangua kilio mbele ya kamera. Timu yake ni Phoenix Suns. Nafasi ya kumi haina kishindo cha nafasi ya pili, wala haimweki kijana bega kwa bega na Harden na Curry katika kila orodha itakayoandikwa.

Shule zetu za upili zinazosifika kwa mchezo huu, Laiser Hill Academy ikiwemo, hutembelewa na watu wanaotafuta vijana warefu. Mzazi anayeletewa karatasi za kutia sahihi ana haki ya kuuliza mambo ambayo kijana aliyezingirwa na ahadi hawezi kuuliza. Udhamini ni wa miaka mingapi, na utaendelea akivunjika mguu? Nani analipa nauli ya kurudi iwapo shule ya kwanza itamkataa? Katika kikosi hicho kuna senta mkubwa kuliko yeye wa kufanya naye mazoezi, na kocha wa masenta ni nani? Anayekuja na mkataba wa wakala kabla ya barua ya chuo anataka nini hasa? Majibu yaandikwe, na nakala ibaki nyumbani.